Medali au Magwanda

Simulizi ya kweli ya wikendi

SEHEMU YA KWANZA

Dakika ya tano, kipa alidondosha mpira.

Ilikuwa Ijumaa, Agosti 17, 2018, katika Uwanja wa Si Jalak Harupat, nje kidogo ya jiji la Bandung, Indonesia. Korea Kusini walikuwa wakicheza na Malaysia mechi ya pili ya makundi, soka la Michezo ya Asia. Mpira mrefu ukaja langoni. Kipa Song Bum-keun akaruka, akaudaka, akagongana na beki wake mwenyewe, Hwang Hyun-soo, na mpira ukamtoka mikononi. Kijana wa Kimalaysia, Safawi Rasid, akajikuta anautazama mpira na lango tupu. Akafunga. Kabla ya mapumziko kijana huyohuyo akafunga la pili.

Malaysia! Timu iliyokuwa nyuma ya Korea kwa zaidi ya nafasi 100 kwenye orodha ya FIFA. Siku mbili kabla, Wakorea hawahawa walikuwa wameitandika Bahrain 6-0, na kocha Kim Hak-bum, kwa kuona kundi ni jepesi, akabadili kikosi na kuwapumzisha kadhaa.

Benchini alikuwa amekaa nahodha. Son Heung-min, mshambuliaji wa Tottenham Hotspur, miaka 26. Jumamosi iliyopita alikuwa Newcastle, Uingereza, akiingizwa dakika za mwisho katika mechi ya kwanza ya msimu wa Ligi Kuu. Akapanda ndege, akavuka nusu ya dunia, akatua Java. Miezi miwili nyuma, huko Kazan kwenye Kombe la Dunia, alikuwa amekimbilia mpira kwenye lango lililoachwa wazi na kuifunga Ujerumani bao la pili; mabingwa wa dunia wakafungasha virago. Mtu wa namna hiyo sasa alikuwa anatazama vijana wenzake wakichapwa na Malaysia.

Kipindi cha pili kikiwa kichanga, kocha akamwingiza. Alikimbia, akaomba mipira, akakabwa na watu wawiliwawili. Mwenzake Hwang Ui-jo alipata bao moja dakika za lala salama. Haikutosha. Filimbi ikalia, Malaysia 2, Korea 1.

Kwa nchi nyingine yoyote, kufungwa mechi ya makundi katika mashindano ya vijana chini ya miaka 23 ni habari ya siku moja. Kwa wale wachezaji 20 wa Korea ilikuwa habari ya miaka miwili ya maisha yao.

Nieleze. Vita vya Korea vilianza 1950 na vikasimama 1953. Nasema vilisimama kwa sababu kilichotiwa saini kilikuwa ni kusitisha mapigano. Mkataba wa amani haujawahi kuandikwa. Mpaka wa Kaskazini uko kama kilomita 50 tu kutoka Seoul. Kwa hiyo kila mwanamume wa Korea Kusini mwenye afya lazima aingie jeshini, na wakati ule ilikuwa karibu miaka miwili. Mtoto wa waziri, mtoto wa mvuvi, msanii, daktari, wote wanakata nywele na kuvaa magwanda. Ukikwepa, jamii haikusamehi. Wapo waliopotezwa kabisa kwenye fani zao kwa kosa hilo moja.

Lakini kuna mlango mdogo. Mwaka 1973 serikali ilitunga sheria ya kuwapa nafuu vijana wanaoiletea nchi sifa. Kwa wanamichezo, tangu miaka mingi sasa, mlango huo una funguo mbili tu: medali yoyote ya Olimpiki, au dhahabu ya Michezo ya Asia. Fedha haifungui. Shaba haifungui. Kombe la Asia lenyewe, lile kubwa la wakubwa, halifungui. Mwenye ufunguo anakwenda mafunzo ya kijeshi ya wiki chache, anafanya saa 544 za kujitolea kwa jamii, na anaendelea na kazi yake ya michezo.

Msomaji wa Dar anayeijua JKT Tanzania, au wa Nairobi anayeijua Ulinzi Stars, ataniuliza: kwani jeshi lao halina timu? Linayo. Inaitwa Sangmu, na inacheza ligi ya Korea kama timu nyingine. Ila pale hapaajiriwi mtu. Mchezaji anatoka klabu yake, anatumikia muda wake akiwa askari, kisha anavua jezi ya jeshi na kurudi alikotoka. Kwa kijana anayecheza ligi ya nyumbani, Sangmu ni nafuu kubwa. Kwa mtu anayecheza London ni kuvunja mkataba, kuacha Ligi Kuu katika miaka yake bora, na kurudi Ulaya akiwa na miaka 29 au 30 kama kuna atakayemtaka.

Sasa piga hesabu ya Son. Alizaliwa Julai 8, 1992. Sheria ilimtaka awe ameripoti kambini kabla ya kufika miaka 28. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imepangwa kuanza Julai 24, 2020, siku 16 baada ya kutimiza umri huo. Michezo ya Asia mingine ingekuwa 2022, naye angekuwa na miaka 30. Maana yake ni kwamba Indonesia ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na nafasi hiyo ilikuwa imeanza kuvuja kupitia mikono ya kipa.

Jumatatu, Agosti 20, uwanja uleule, mechi ya mwisho ya kundi, mpinzani Kyrgyzstan. Kufungwa kungewaacha wakisubiri huruma ya matokeo ya wengine. Dakika 45 zikapita bila bao. Hamsini. Sitini. Wakyrgyz walijaza watu wote nyuma na hawakuwa na haraka yoyote.

Dakika ya 63 Korea wakapata kona. Son hakuingia katikati kwenye msongamano. Alisimama pembeni, peke yake, nyuma ya wote, kama mtu aliyesahauliwa. Kona ikapigwa. Mpira ukapita juu ya vichwa vyote, ukaanza kushuka kumfuata yeye...

Je, ataufanya nini? Tukutane Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Korea Kusini wanahitaji matokeo dhidi ya Kyrgyzstan. Dakika ya 63, kona inapigwa, mpira unamfuata Son Heung-min aliyesimama peke yake. SASA ENDELEA...

Hakuusubiri utue. Aliupiga ukiwa hewani, kwa mguu wa kulia, na nyavu zikatikisika. Moja bila. Ikabaki hivyo hadi mwisho, na Korea wakavuka wakiwa nafasi ya pili nyuma ya Malaysia.

Tuwaache wapumue kidogo, maana mtu hawezi kuielewa hofu ya Son bila kujua ametoka wapi.

Mwaka 2010, Michezo ya Asia ya Guangzhou, Korea ilifika nusu fainali na Falme za Kiarabu. Dakika 90 bila bao. Muda wa nyongeza nao ukaelekea kuisha, penalti zikawa zinanukia. Sekunde za mwisho kabisa, Waarabu wakafunga. Siku mbili baadaye vijana walewale walikuwa nyuma 3-1 mbele ya Iran wakigombea shaba, wakapanda mpaka wakashinda 4-3, wakalia kama waliofiwa. Shaba, kumbuka, haifungui.

Wengi wa kundi lile, pamoja na kocha wao Hong Myung-bo, walirudi kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Hong alimchukua mshambuliaji Park Chu-young, aliyekuwa anasemwa vibaya nchi nzima kwa kutumia kibali cha ukaazi cha Monaco kuahirisha jeshi. Mbele ya waandishi wa habari kocha alisema kwamba Park asipokwenda jeshini, yeye Hong ataenda badala yake. Agosti 10, huko Cardiff, Korea ikacheza na Japani mechi ya kutafuta shaba, na ya Olimpiki inafungua. Park akafunga la kwanza, Koo Ja-cheol la pili.

Hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko mabao yenyewe. Kikosini alibaki beki mmoja, Kim Ki-hee, ambaye hakuwa amegusa mpira tangu mashindano yaanze, na kwa utaratibu wa wakati huo asiyecheza hakupata msamaha. Matokeo ni 2-0, mechi inakwisha, kocha akamwita avue traksuti. Aliingia dakika za mwisho kabisa. Kwa dakika zile chache alisamehewa karibu miaka miwili. Mimi sijui mshahara mwingine duniani unaolipa hivyo, na sheria inayolipa hivyo naiona ina kasoro.

Son hakuwamo London. Mwaka 2014 Michezo ya Asia ikafanyika nyumbani kwao, Incheon. Alitaka kwenda. Klabu yake ya wakati huo, Bayer Leverkusen ya Ujerumani, ikakataa kumwachia. Ilikuwa na haki hiyo: Michezo ya Asia haimo kwenye kalenda ya FIFA, klabu hailazimiki kumtoa mtu. Akaishia kufuatilia kutoka mbali. Fainali ikawa Korea Kusini na Korea Kaskazini. Ndiyo, Kaskazini yenyewe, ile ambayo kwa ajili yake vijana wanapelekwa jeshini. Dakika 90 kapa. Dakika ya mwisho ya nyongeza, Rim Chang-woo, beki wa timu ya daraja la pili, akausukuma wavuni. Waliokuwepo wakasamehewa magwanda kwa kuifunga nchi inayowavalisha magwanda.

Mwaka 2016 Son akapata ruhusa ya kwenda Olimpiki ya Rio. Robo fainali, Honduras. Korea walishambulia mechi nzima, Wahonduras wakapata shambulizi moja la haraka, wakafunga, wakashinda 1-0. Son alianguka chini uwanjani akalia. Pembeni yake kikosini siku hiyo alikuwapo mshambuliaji mwingine aliyezidi miaka 23, mrefu, jina lake Suk Hyun-jun. Msomaji, liweke jina hilo akilini.

Basi turudi Java. Kanuni za soka la Michezo ya Asia zinaruhusu wachezaji watatu tu waliozidi umri. Kocha Kim Hak-bum alimchukua Son, kipa Jo Hyeon-woo aliyewika Kombe la Dunia la Urusi, na Hwang Ui-jo wa Gamba Osaka. Huyo wa tatu ndiye aliyeleta kelele. Kim aliwahi kumfundisha Hwang katika klabu ya Seongnam, na mashabiki wa Seoul wakasema wazi: huyu kapewa nafasi kwa kujuana. Anapelekwa akasamehewe jeshi.

Dawa ya maneno ni mabao. Hwang alikuwa ameshafunga matatu dhidi ya Bahrain na lile moja la Malaysia. Agosti 23, kwenye hatua ya 16 bora, akaifunga Iran, Lee Seung-woo akaongeza la pili, 2-0. Lakini kipa Jo aliumia goti. Ilibidi golini arudi Song Bum-keun, yuleyule wa Malaysia.

Robo fainali, Jumatatu Agosti 27, Uwanja wa Patriot, Bekasi. Mpinzani Uzbekistan. Wauzbeki hawa walikuwa ndio mabingwa wa Asia wa chini ya miaka 23, kombe walilolichukua Januari mwaka huohuo kwenye theluji ya China. Wengi tuliojua mpira wa Asia tulisema hii ndiyo fainali, imewahishwa tu.

Dakika ya tano Son akamtengea Hwang, bao. Dakika ya 17 Uzbekistan wakasawazisha. Dakika ya 35 Hwang tena. Kipindi cha pili kikaanza na balaa: dakika ya 53 Alibaev akasawazisha, na dakika ya 57 akapiga shuti jingine lililomgonga beki wa Korea na kuzama wavuni. Beki gani? Hwang Hyun-soo, yule aliyegongana na kipa kule Bandung. Kuna watu mashindano yanawaandama. Uzbekistan 3, Korea 2.

Dakika ya 75 Hwang Ui-jo akafunga la tatu lake na la tatu la timu. Yule wa kujuana. Tatu kwa tatu, muda wa nyongeza. Alibaev akaonyeshwa kadi nyekundu, Wauzbeki wakabaki kumi, na bado hawakutaka kufa. Miguu ilikuwa imekufa pande zote mbili. Zilipobaki dakika chache kufika matuta, Hwang Ui-jo akaingia na mpira ndani ya boksi akaangushwa. Mwamuzi akanyoosha mkono: penalti.

Aliyeuchukua mpira hakuwa Hwang Ui-jo, wala nahodha. Alikuwa Hwang Hee-chan, miaka 22, aliyetokea benchi, na ambaye kwa siku kadhaa mashabiki wa nyumbani walikuwa wakimsema kwa mbwembwe zake uwanjani na kwa kukosa mabao. Akauweka mpira kwenye alama nyeupe. Son aligeuka akaupa mgongo mpira, uso wake ukatazama lango la kwao. Nahodha wa nchi, mtu aliyeifunga Ujerumani, hakuweza kutazama.

Hwang Hee-chan akarudi nyuma, akaanza kukimbia...

Usikose Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Robo fainali ya Michezo ya Asia, Korea 3, Uzbekistan 3. Zimebaki dakika chache za nyongeza. Hwang Hee-chan anakwenda kupiga penalti, Son Heung-min amegeuza mgongo. SASA ENDELEA...

Son alijua matokeo kwa masikio. Uwanja ukalipuka, na wenzake wakampita mbio. Hwang Hee-chan alikuwa amefunga, amevua jezi, ameichukua kadi ya njano bila kujali. Nne kwa tatu. Baada ya mechi kocha Kim Hak-bum, mzee wa miaka 58, alisimama mbele ya kamera akashindwa kumaliza sentensi kwa machozi.

Nusu fainali iliwakutanisha na Vietnam, na hapo kulikuwa na jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Kocha wa Vietnam alikuwa Mkorea, Park Hang-seo. Mwaka 2002, baada ya kuwa msaidizi wa Guus Hiddink kwenye Kombe la Dunia, ndiye aliyepewa kikosi cha Korea cha Michezo ya Asia ya Busan. Wakatolewa na Iran kwa penalti nusu fainali, wakapata shaba, naye akaondolewa. Sasa, miaka 16 baadaye, alikuwa ameifikisha Vietnam mahali haijawahi kufika, mechi tano bila kuruhusu bao hata moja, ikiwamo ya ushindi dhidi ya Japani. Watu wa Hanoi walimwona kama baba. Alibakiza kikwazo kimoja, nacho kilikuwa ni vijana wa nchi yake mwenyewe wakikimbia jeshi.

Kikwazo kilikuwa kizito. Uwanja wa Pakansari, Cibinong, dakika ya saba Lee Seung-woo akafunga. Hwang Ui-jo akaongeza. Lee tena. Vietnam wakapata moja la heshima, 3-1.

Fainali, Jumamosi Septemba 1, uwanja huohuo. Japani.

Ukitaka kujua jinsi nchi mbili jirani zinavyoweza kuyatazama mashindano yaleyale kwa macho tofauti, tazama majina ya siku hiyo. Japani haina jeshi la lazima. Kocha Hajime Moriyasu alileta vijana wa chini ya miaka 21, bila hata mmoja aliyezidi umri, akiwaandaa kwa Olimpiki ya Tokyo. Kwao hii ilikuwa shule. Upande wa pili alisimama nyota wa Tottenham, na klabu yake ilikuwa imekubali akose mwanzo wa msimu kwa sharti la kubaki naye wakati Korea ikicheza mechi za kirafiki za Novemba na mbili za mwanzo za Kombe la Asia la 2019. Tottenham hawakuwa wanatoa sadaka. Bora kumkosa mchezaji wiki tatu kuliko miaka miwili.

Palikuwa pia na Hwang In-beom, kiungo wa miaka 21. Yeye aliamua mapema kumaliza deni: alikuwa tayari askari, akichezea Asan Mugunghwa, timu ya vijana wanaotumikia muda wao polisi. Alikuja Indonesia kwa ruhusa. Wenzake walikuwa wanacheza wasiingie. Yeye alikuwa anacheza atoke.

Dakika 90, bila bao. Wakorea walipiga, Wajapani wakazuia. Umewahi kuona mtu akicheza na saa mfukoni? Ndivyo walivyocheza. Pasi za mbali zilikwenda nje, mashuti yalikwenda juu, kila mmoja alitaka kumaliza yeye.

Dakika ya tatu ya nyongeza Son aliupata mpira upande wa kushoto, akakata kuingia ndani ya boksi, akampita wa kwanza, akausogeza mbele kidogo ili apate nafasi ya kupiga. Mpira ukamtangulia hatua moja. Kabla hajaufikia, Lee Seung-woo, mdogo wake kwa miaka sita na aliyeingia kutoka benchi, akatokea pembeni mbio na kuupiga kwa mguu wa kushoto. Ukapaa chini ya mwamba wa juu, ukazama. Mdogo mtu alikuwa amemnyang'anya kaka mpira mguuni. Katika siku nyingine huo ni utovu wa adabu. Siku hiyo Lee alirukia juu ya ubao wa matangazo, akasimama pale akiwa ameweka mikono masikioni, na kaka mtu hakuwa na neno.

Dakika ya 101, mpira wa adhabu upande wa kushoto. Son akaupiga, Hwang Hee-chan akaruka juu ya beki wake na kuupiga kichwa. Mbili bila. Mabao yote mawili yalipita miguuni mwa nahodha, ambaye katika mashindano yale alifunga moja tu, lile la Kyrgyzstan.

Ungedhani yamekwisha. Dakika ya 115 Japani wakapata kona, Ayase Ueda akafunga kwa kichwa. Mbili moja. Zikabaki dakika tano na za majeruhi. Mashabiki waliokumbuka Guangzhou, bao lile la Waarabu la sekunde za mwisho, walijua dakika tano zinaweza kufanya nini. Japani wakatupa mipira mirefu, mmoja, wa pili, kipa Jo, aliyekuwa amerudi golini, akatoka akaudaka, akaanguka nao, akachelewa kuinuka kadiri alivyoweza.

Filimbi.

Son alilia tena, ila safari hii alikuwa amefungwa bendera mabegani. Vijana 20, dhahabu 20. Hwang Ui-jo alimaliza na mabao tisa, na wale waliosema kapelekwa kwa kujuana walikaa kimya. Wiki chache baadaye Hwang In-beom akavua sare na kurudi klabu yake ya Daejeon akiwa raia.

Huko nyumbani furaha haikuwa ya wote. Timu ya besiboli nayo ilikuwa imechukua dhahabu Jakarta, ikapokewa kwa hasira, kwa sababu watu waliona baadhi ya wachezaji wamechaguliwa kwa ajili ya msamaha tu. Kocha wake, Sun Dong-yol, aliitwa bungeni kuhojiwa, na Novemba akajiuzulu. Mashabiki wa muziki nao wakauliza: BTS wameshika namba moja Marekani, hao hawajailetea nchi sifa? Swali hilo halikujibiwa kwa kuwaridhisha, na Desemba 2022 mkubwa wa kundi, Jin, aliingia kambini kama kijana mwingine yeyote. Kwa maoni yangu waliokuwa wakiuliza walikuwa na hoja. Sheria inayopima sifa ya taifa kwa dhahabu ya vijana wa chini ya miaka 23, huku majirani wakileta timu ya mazoezi, ni bahati nasibu iliyovaa suti.

Son mwenyewe hakuponyoka kabisa. Aprili 2020, ligi ya Uingereza ikiwa imesimama kwa ajili ya korona, alikwenda kisiwa cha Jeju, akanyoa nywele, akafanya wiki tatu za mafunzo na kikosi cha wanamaji. Alimaliza akiwa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi na akapewa tuzo. Mei akawa huru kurudi London.

Lakini kuna mtu tuliyemwacha nyuma.

Usiku ule wa Cibinong, mshambuliaji Suk Hyun-jun alikuwa Ufaransa, akianza msimu na klabu ya Reims. Alikuwa ameichezea Ajax akiwa kijana wa miaka 18, amepita Porto, ameonja ligi za nchi kadhaa. Alikuwa kikosini siku Son alipolia mbele ya Honduras. Indonesia, nafasi tatu za waliozidi umri zilikwenda kwa wengine. Na alikuwa amezaliwa 1991, mwaka mmoja kabla ya Son: hakuwa na dhahabu, hakuwa na Olimpiki nyingine mbele yake, na umri wa kuripoti ulikuwa unamfikia. Kisheria, Mkorea aliye nje ya nchi akifikia hapo lazima arudi.

Tottenham walikuwa na nyota wa kumsubiri. Suk alikuwa na mkataba mpya, ofisi ya jeshi iliyokuwa ikihesabu siku zake, na uamuzi mmoja.

Je, alipanda ndege kurudi Seoul, au alibaki? Na ilikuwaje jina lake likaja kusomwa mbele ya hakimu? Sehemu ya Nne, Jumamosi ijayo, hapahapa.